Kuchunguza na Kuchungulia

Mwanafunzi wangu wa zamani alinipigia simu Jumapili moja jioni, nikiwa barazani kwangu hapa Bukoba nikichambua maharage. Siku hizi ni mwandishi wa habari, na sauti yake naisikia redioni mara nyingi kuliko ninavyoisikia simuni.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, waitu. Za siku?"

Za siku zilikuwa njema, lakini alikuwa na haraka. "Mwalimu, nina swali la Kiswahili. Kamera fiche, kamera ya siri, au kamera ya kificho: ipi ndiyo sahihi?"

Wapenzi wa lugha mnaopitia ukurasa huu mtaelewa jinsi swali la namna hiyo linavyomchangamsha mzee aliyestaafu. Niliusukuma ungo kando, nikaingia ndani kuitafuta nakala yangu ya Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981, ambayo mende wameila jalada lakini maneno wameyaacha. Nikamwambia kwamba kisarufi zote tatu hazina kosa. Ila kila neno lina tabia yake. "Fiche" tunalifahamu sisi washairi, kwani tunasema "maana fiche": maana iliyositiriwa ili msomaji hodari aifikie kwa jitihada yake. "Siri" ni neno lenye mwenyewe. Siri haikosi mtu anayeimiliki. "Kificho" ni pahali au hali ya kujificha, neno la mwindaji na la mtoto anayecheza kibemasa.

"Sasa hiyo kamera yako," nikamwuliza, "itafichwa wapi, na itamtazama nani?"

Akanyamaza kidogo. Kisha akaeleza. Katika wilaya ya Muleba kulikuwa na mganga mmoja anayesemekana kuuza dawa ya utajiri. Yeye alikusudia kwenda kama mteja, akiwa na kamera ndogo katika kifungo cha shati. Jina la kitu hicho alilihitaji kwa ajili ya utangulizi wa kipindi.

Nilimwomba siku tatu. Haya ninayoyaandika ni jibu ambalo nilishindwa kumpa kwa siku tatu, ingawa sehemu yake alikwisha kuipata, kama nitakavyosimulia.

Kwa nini sikumkataza palepale? Mwalimu wa rika langu, aliyefundwa Butimba katika miaka ya themanini, amelelewa kuamini kwamba mtu muungwana hubisha hodi. Anayeingia nyumba ya watu kwa jina la uongo, huku ameficha chombo kifuani, tulizoea kumwita mdukizi. Lakini katika kanda hii ya ziwa hatuwezi kuyasema hayo kwa wepesi, kwa sababu tunamjua Vicky Ntetema.

Mwaka 2008, wakati mauaji ya watu wenye ualbino yalipoitikisa kanda yetu, Bi Ntetema alikuwa mkuu wa ofisi ya BBC Dar es Salaam. Alifunga safari akaja huku, akajifanya mfanyabiashara anayetafuta mali, akaingia kwa waganga mmoja baada ya mwingine. Baadhi yao walimwahidi dawa yenye viungo vya binadamu mwenzake, tena kwa kutaja bei. Aliporudi na kuyatangaza aliyoyasikia, alipokea vitisho, akalazimika kuishi mafichoni. Mwaka 2010 taasisi ya kimataifa ya wanawake katika habari ilimpa tuzo ya ujasiri, naye baadaye aliacha utangazaji akaifanya kazi ya kuwatetea watu hao kwa miaka. Mwaka 2011 wakaja wengine: Anas Aremeyaw Anas kutoka Ghana na Richard Mgamba wa hapa kwetu, ambao uchunguzi wao wa jambo hilohilo ulionyeshwa na Al Jazeera.

Jiulize, msomaji, Bi Ntetema angebisha hodi angejibiwa nini? Angesema, "Mimi ni mwandishi, nimekuja kuuliza kama mnauza mifupa ya watu," angekaribishwa chai na kuambiwa kwamba hapa tunatibu mchango wa watoto. Kuna milango ambayo hodi ya kweli haifunguliwi. Nilikuwa darasani wakati huo. Nakumbuka kwamba kabla ya matangazo yale wengi wetu katika ofisi ya walimu tulizungumzia mauaji hayo kama uvumi wa mbali, mambo ya watu wa migodini. Baada yake hatukuweza tena. Hata lugha yetu ikabadilika. Neno la zamani tulilokuwa tukilitumia bila kufikiri, lenye mlio wa mzimu, likaanza kutuwia zito kinywani, tukajifunza kusema "mtu mwenye ualbino", ambapo "mtu" linatangulia.

Tukadhani yamekwisha. Mwishoni mwa Mei 2024, katika wilaya hiyohiyo ya Muleba, mtoto wa miaka miwili na nusu mwenye ualbino alinyakuliwa usiku nyumbani kwao. Katikati ya Juni mwili wake ukapatikana, ukiwa umekatwa viungo. Watu tisa walifikishwa mahakamani hapa Bukoba. Jina la mtoto sitaliandika, ingawa nchi nzima inalijua, na sababu yake ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Picha yake ilinifikia katika kundi la simu la walimu wastaafu. Mara ya kwanza ilikuja wakati anatafutwa. Uso ule mdogo ulikuwa na kazi: aliyemwona atoe taarifa. Nami niliisambaza, nikaituma hata kwa dereva wa basi la Mwanza. Halafu akapatikana, na ile picha ikaendelea kuja. Ikaja ikiwa na mishumaa, ikaja ikiwa na maneno ya laana, ikaja imeunganishwa na muziki. Ikaja na picha za jamaa zake wakilia. Siku ya tano au ya sita nilijikuta nimeikuza kwa vidole viwili, naitazama, bila haja yoyote. Hakuna aliyekuwa anatafutwa tena. Nilikuwa natazama tu.

Hapo ndipo nilipokumbuka somo ambalo nimelifundisha mara nyingi bila kulisikia. Kitenzi "chungua" kimezaa watoto wawili. Mmoja ni "chunguza", mwingine ni "chungulia". Wote wawili hutazama kile ambacho mwenyewe hakukusudia kitazamwe. Kuchunguza ni kukikabili kitu mpaka kitoe ukweli wake; daktari huchunguza, hakimu huchunguza, na kazi ya kina Ntetema inaitwa uandishi wa habari za uchunguzi. Kuchungulia ni kutia jicho kwenye tundu. Ajabu ni kwamba "chungulia" ndicho chenye umbo la kauli ya kutendea, kauli ambayo wanafunzi huifafanua kwa swali "kwa ajili ya nani?" Na anayechungulia hana wa kumtendea zaidi ya jicho lake mwenyewe. Sarufi ina kejeli zake.

Mwanafunzi wangu aliniuliza habari za kamera, nami nikaona kwamba kamera haibadiliki. Ikiwa kwenye kifungo cha shati au imeinuliwa juu kwa mkono, kioo ni kilekile. Ninachotaka kujua mimi ni kama nyuma yake kuna mchunguzi au kuna mchunguliaji. Na jambo gumu ni kwamba mtu mmoja anaweza kuwa wa kwanza asubuhi na wa pili jioni.

Sheria hazijatuacha mikono mitupu. Hati ya haki iliyoingizwa katika Katiba yetu mwaka 1984 inatoa, katika ibara ya 16, haki ya faragha: nafsi ya mtu, familia yake, maskani yake na mawasiliano yake. Ibara ya 18 inatoa uhuru wa maoni na wa kutafuta habari. Zimekaa karibu, kama majirani wanaogombea mpaka wa shamba. Tangu Mei 2023 tunayo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyotungwa mwaka 2022. Mambo ya vifungu nawaachia mawakili. Mimi nimevutwa na lile neno "faragha". Tulilipata kutoka Kiarabu, ambako shina lake hubeba maana ya uwazi na nafasi tupu. Faragha, basi, si kificho. Ni nafasi iliyoachwa wazi kumzunguka mtu, ambayo mwingine haiingii mpaka aitwe.

Watu wa Kagera tunaijua nafasi hiyo kwa macho. Nyumba ya Mhaya imekaa katikati ya kibanja. Apitaye njiani huona migomba, mibuni chini yake, na pengine moshi. Nyumba yenyewe haioni mpaka aingie kwenye kijia, na kabla hajafika amekwisha kusikika, kwa sababu majani makavu ya migomba hayamfichi mtu. Kibanja kinalisha, na pia kinasitiri. Nyumba mpya zinazojengwa kando ya lami kutoka Bukoba kwenda Muleba zimeuacha utaratibu huo, zinatazamana na barabara ana kwa ana, kisha zinazungushiwa ukuta wenye vipande vya chupa juu. Sijui babu zetu wangesema nini kuhusu badiliko hilo, lakini natoka nje ya mada.

Kamera zilizoniumiza zaidi maishani hazikuwa fiche. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa katika Hospitali ya Ndolage, huko Kamachumu, Muleba. Kabla ugonjwa haujapata jina la kitaalamu tuliuita Juliana, kwa jina la kitambaa kilichoingizwa na wafanyabiashara wa magendo kutoka Uganda. Watu wa mjini walikipenda kitambaa hicho, na walioanza kukonda walikuwa wale waliokivaa na waliokiuza. Jina zuri la kike likawa hukumu. Miaka iliyofuata wageni wakaja na kamera zao begani, mchana kweupe, wakifuatana na wenyeji wa kuwatafsiria. Niliwahi kuwa mmoja wa wenyeji hao, kwa siku mbili za likizo. Tuliingia kibanja baada ya kibanja. Tuliomba ruhusa, naam. Lakini mgonjwa aliyelala mkekani, ambaye mgeni amekuja na mchele na sukari, atamnyima nini? Walipigwa picha wakiwa mbavu tupu, na makaburi yao mapya yakiwa nyuma ya migomba. Ruhusa zote zilikuwapo. Faragha haikuwapo. Nadhani baadhi ya picha za wakati huo ziliuleta msaada, na kwa hiyo sitazilaani zote. Ila nilikuwa natafsiri maneno ya wagonjwa huku nikijua kwamba majirani wamesimama njiani wanasubiri kusikia kama jina limetajwa.

Ningependa kusimulia kana kwamba mimi nilikuwa mtu wa kando katika mambo hayo. Haikuwa hivyo.

Mwaka 1989 nilifundisha katika shule moja ya bweni, ambayo sitaitaja. Ilikuwa desturi, na walimu wa zamani mnaosoma mtakiri, barua za wanafunzi kufunguliwa kabla ya kukabidhiwa. Tulisema tunawakinga na barua za mapenzi. Zamu yangu ilikuwa Jumatano. Nilikuwa na kisu kidogo cha kufungulia bahasha, na nitasema ukweli: nilikuwa naipenda kazi ile. Kijana wa miaka chini ya thelathini, anayependa lugha, akasoma Kiswahili cha mama wa Kihaya kisichopita katika kamusi yoyote, salamu zilizojaa ukurasa mzima kabla ya neno la kwanza la habari! Nilijidanganya kwamba nilikuwa nakusanya methali.

Jumatano moja nikafungua barua ya msichana wa kidato cha pili. Shangazi yake alimwandikia kwamba mama amerudi kutoka safari za biashara na hali yake si nzuri, kwamba watu wanasema ni Juliana, kwamba asimwambie mtu yeyote na asome kwa bidii. Niliirudisha ndani, nikaibandika gundi. Kisha, wakati wa chai, nikamwambia mwalimu mwenzangu. Nilimwambia kwa sauti ya huruma, nikitikisa kichwa. Huruma ni vazi zuri sana la umbea. Kufikia Jumamosi wasichana wa bweni lake walikuwa wamesogeza vitanda. Hakuna aliyetaka kuchota maji kwa ndoo yake. Hakupata kujua siri ilitokea wapi. Alidhani labda mwenzake aliisoma barua chini ya mto. Ilipofika likizo alienda nyumbani, na muhula ulipofunguliwa kitanda chake kilibaki kitupu.

Nilipomaliza kumsaka katika daftari la mahudhurio, nikaandika ubeti huu. Haujawahi kutoka kwenye kabati langu:

Nilifungua barua, isiyo yangu jamani,
Nikasoma nikajua, yaliyokuwa nyumbani,
Siri nikaifichua, kwa wenzangu ofisini,
Hadi leo naugua, dawa yake siioni.

Wajuzi mtaona kwamba "jamani" nimelitia kuziba mizani. Nimejaribu miaka mingi kulibadilisha na sikufaulu, nikaona libaki, kwani huenda ndilo neno la kweli kuliko yote manne ya utao ule. Na tazameni "nikaifichua". Ficha, fichua: kauli ya kutendua, kama funga na fungua. Mwandishi wa uchunguzi hufichua, nami nilifichua. Kitenzi kimoja, herufi kwa herufi. Yeye hufichua kilichofichwa na mwenye nguvu ili asiadhibiwe. Mimi nilifichua kilichofichwa na mnyonge ili aweze kulala.

Kwa hiyo kigezo changu, kama mwanafunzi wangu anakihitaji, ni hicho: siri inayofichuliwa inamlinda nani? Kwa mganga anayeuza viungo, siri inamlinda muuaji. Mwaka 2019, mwezi Oktoba, BBC ilionyesha filamu ya wahadhiri wa vyuo vikuu vya Nigeria na Ghana, walionaswa kwa kamera za siri wakiwataka wasichana kimapenzi kwa malipo ya alama au nafasi ya masomo. Mimi ni mwalimu, na niliitazama kwa uchungu wa mtu anayeona kaniki ya ukoo wake inaanikwa barabarani. Lakini sikuona faragha ya nani ilivunjwa. Ofisi ya mwalimu si chumba chake cha kulala, na ndilo lilikuwa kosa lenyewe, kwamba aliigeuza kuwa hivyo. Sisi Tanzania tuna neno lililonyooka, "rushwa ya ngono", na sheria yetu ya rushwa ya mwaka 2007 inalitambua kosa hilo. Kwa miongo mingi neno la msichana lilipimwa dhidi ya neno la mwalimu, na mizani ikaegemea kwa mwenye chaki. Kamera ndiyo shahidi wa kwanza ambaye mwalimu hakuweza kumwuliza, "Na wewe ulikuwa umevaaje?"

Hata hivyo wenye kazi hiyo wanaifahamu hatari yake kuliko sisi watazamaji. BBC yenyewe haimruhusu mwandishi wake kuficha kamera kwa kubahatisha. Sharti kwanza awe na dalili za uovu anaoutafuta. Na Anas, yule wa Ghana, huufunika uso wake kwa mtandio wa shanga kila anapotokea hadharani. Huonekana kama mbwembwe mpaka ukumbuke mwenzake, Ahmed Hussein-Suale. Mwaka 2018 mbunge mmoja alionyesha picha ya Ahmed runingani na kuwataka watu wamshughulikie. Januari 2019 alipigwa risasi ndani ya gari lake, Accra, akafa. Mtu aliyefanya kazi kwa uso uliofichwa aliuawa baada ya uso wake kuanikwa. Sidai kujua ni nani aliyefyatua. Nasema tu kwamba wao pia waliihitaji faragha, na waliijua thamani yake kwa bei ambayo mimi sijawahi kulipa.

Siku nilipompigia mwanafunzi wangu, sikuanza na neno lake. Nilianza na benchi.

"Kwa mganga huyo kuna benchi?" nikamwuliza.

"Lipo, mwalimu. Watu wanasubiri hapo."

"Kamera yako italiona?"

"Italiona, nikiingia."

Nikamwambia kwamba mganga nampa, amchunguze mpaka mwisho. Lakini benchi lile lina wanawake waliotafuta mtoto miaka saba, lina kijana aliyefeli mara tatu anayeamini amelogwa, lina mzee mwenye kifafa. Hawauzi chochote. Wengine wamewaaga nyumbani kwamba wanakwenda gulioni. Nilimwambia kwamba nami nimewahi kukaa kwenye benchi la aina hiyo, zamani, na mke wangu. Akangoja niendelee. Sikuendelea, na hapa pia sitaendelea. Sababu iliyotupeleka ilikuwa yetu wawili, na mmoja wetu hayupo tena kunipa ruhusa.

"Nimeelewa, mwalimu," akasema. "Nitawatia ukungu usoni."

Kuhusu neno, nilimshauri "kamera fiche". Kipindi kilipokaribia kutoka, akaja kwangu na kompyuta yake nipitie Kiswahili. Utangulizi ulisema "kamera ya siri". Akacheka: mhariri wake alisema "fiche" ni la washairi. Sikubishana. Tukatazama.

Mganga alionekana vizuri, na sauti yake pia. Aliitaja bei ya dawa yake ya utajiri kama anayetaja bei ya chumvi, na alipoulizwa ina nini ndani yake, alitabasamu akasema mteja mwema haulizi jikoni. Nilishukuru kwamba kijana wangu alikwenda. Kabla ya hapo kamera ilipita benchini. Nyuso zilikuwa zimetiwa ukungu mzito, kila mmoja wingu la kijivu juu ya mabega, kama alivyoahidi. Sekunde chache tu.

"Rudisha nyuma," nikasema.

Akarudisha.

"Simamisha hapo. Mama wa pili kutoka kushoto."

Wingu lilikuwa juu ya uso wake, limekaa sawasawa. Lakini chini ya wingu alikuwa amejitanda kanga, na pindo la kanga lilikuwa limetulia kifuani, na maneno yake yalisomeka yote, herufi kubwa, mwanzo hadi mwisho. Nguo hiyo ilikuwa imechakaa upande mmoja na kushonewa kiraka cha rangi nyingine. Katika kijiji chake, kisima chake, kanisa lake au msikiti wake, hakuna ambaye asingemtambua kabla kamera haijamfikia wa tatu.

Kijana alilitazama pindo lile muda mrefu. "Mwalimu," akasema, "hilo sikuliona."

Akavuta kompyuta, akakata sekunde tisa. Kisha akairudia picha yote tangu mwanzo, polepole, akitazama miguu na viatu.